Umenunua au Umekodi? Haki za Mnunuzi Duka la Mtandaoni Linapobadilisha Masharti ya Leseni

 

Ndugu zetu, siku hizi fedha nyingi za majumbani mwetu zinatoka kwa njia ambayo wazee wetu hawakuijua. Baba anamnunulia mwanawe programu ya masomo ya hesabu. Mwenye duka Darajani analipia programu ya kuwekea hesabu za mauzo. Kijana wa Chake Chake ananunua programu ya uchoraji ili apate kazi za mtandaoni. Madrasa inalipia programu ya kufundishia tajwidi. Kila mmoja wao amebonyeza kitufe kilichoandikwa "Nunua", fedha zimekatwa, naye akaamini kuwa amemiliki.

Kisha inakuja barua pepe kusema kwamba masharti yamebadilika. Kilicholipiwa mara moja sasa kitalipiwa kila mwezi. Kilichoruhusiwa katika simu tatu sasa ni simu moja tu. Au bidhaa yenyewe imeondolewa, na kila anayeifungua anaambiwa haipo tena. Hapo ndipo maswali yanapoanza: Je, muuzaji ana haki ya kufanya hivyo? Mnunuzi ana haki gani kisheria na kwa mujibu wa Shariy'ah? Na je, akilipiza kwa kutumia nakala ya wizi, ana makosa?

Makala hii inajibu maswali hayo kwa ufupi, ili kila familia iwe na pa kurejea.

Leseni ni kitu gani

Leseni ni idhini. Mwenye haki ya programu anakuruhusu kuitumia kwa namna fulani, na programu yenyewe inabaki kuwa yake. Tofauti yake na kununua ni kama tofauti ya aliyenunua ngalawa na aliyeikodi. Aliyenunua anaweza kuiuza, kuikodisha, kuitoa zawadi, na akifa warithi wake wanaigawana. Aliyekodi ana safari zake tu, na muda ukimalizika anairudisha kwa mwenyewe.

Maduka mengi ya mtandaoni yanaandika "Nunua" kwenye kitufe, lakini ndani ya masharti marefu ambayo wachache huyasoma yanaandika kuwa mteja amepewa leseni tu. Mara nyingi masharti hayo yanaongeza mambo matatu: kwamba leseni haihamishiki kwa mtu mwingine, kwamba muuzaji anaweza kuisitisha, na kwamba muuzaji anaweza kubadilisha masharti yenyewe wakati wowote, na mteja akiendelea kutumia huhesabiwa kuwa amekubali. Hilo la tatu ndilo lenye matatizo zaidi.

Yaliyokwisha kutokea

Hii si hofu ya kubuni. Mwezi wa Julai 2009 kampuni ya Amazon ilivifuta vitabu viwili vya mwandishi George Orwell kutoka katika vifaa vya Kindle vya wateja waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Wateja walirudishiwa fedha zao, na mkuu wa kampuni wakati huo, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani. Hata hivyo wengi walishtuka kujua kuwa muuzaji anaweza kuingia ndani ya kifaa cha mteja na kuchukua alichokiuza.

Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki. Vitabu vyote vilivyonunuliwa humo viliacha kufunguka, na wateja walirudishiwa bei waliyolipa.

Mwezi wa Septemba 2023 kampuni ya Unity, ambayo programu yake hutumiwa na watengenezaji wengi wa michezo ya simu duniani, ilitangaza ada mpya itakayohesabiwa kwa kila mchezo unaopakuliwa kwa mara ya kwanza kwenye kifaa, kuanzia Januari 2024. Kilichowakasirisha watu ni kuwa ada hiyo ingeigusa pia michezo iliyokwisha kutoka chini ya masharti ya zamani. Malalamiko yalikuwa makubwa hata kampuni ikalegeza masharti hayo ndani ya siku kumi, na mwaka 2024 ikaifuta kabisa ada hiyo kwa michezo.

Na mwezi wa Machi 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima seva za mchezo wa magari uitwao The Crew, uliotoka 2014. Waliokuwa wameulipia hawakuweza kuucheza tena hata peke yao. Jambo hilo lilizaa harakati kubwa Ulaya ya kudai kuwa bidhaa iliyouzwa isiuliwe na muuzaji wake, na mwaka 2025 saini zake zilivuka milioni moja.

Katika matukio haya kuna funzo. Mahali pengine mteja alirudishiwa fedha, mahali pengine kampuni ilirudi nyuma kwa sababu watu walilalamika pamoja, na mahali pengine mteja alitoka mikono mitupu. Kunyamaza hakukumsaidia yeyote.

Mizani ya Shariy'ah

*Kwanza: ridhaa.* Aya ya 29 ya Suratun-Nisaa inakataza kula mali za watu kwa batili, na inahalalisha biashara iliyo kwa kuridhiana. Na Aya ya kwanza ya Suratul-Maaidah inawaamrisha Waumini kutekeleza mikataba. Aya hizi mbili zinawabana wote wawili, muuzaji na mnunuzi. Mkataba ukishafungwa kwa bei maalumu na kitu maalumu, mmoja hana haki ya kuugeuza peke yake.

*Pili: kinachoangaliwa katika mkataba ni maana yake, si jina lake.* Hii ni kanuni mashuhuri ya Fiqh, na imewekwa miongoni mwa kanuni za mwanzo za Majallah ya Dola ya Uthmaniyyah. Basi ikiwa mteja amelipa bei moja kwa kitu asichotakiwa kukirudisha na kisicho na mwisho, maana yake iko karibu na mauziano, hata kama kimeitwa leseni. Na ikiwa analipa kila mwezi au kila mwaka, hiyo ni ijaarah, yaani ukodishaji wa manufaa, hata kama kitufe kimeandikwa "Nunua".

*Tatu: ijaarah inataka muda na manufaa yajulikane.* Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) amekataza mauziano yenye gharar, yaani yale ambayo mwisho wake haujulikani. Hadiyth hiyo ameipokea Imaam Muslim. Sharti linalosema "tunaweza kubadilisha lolote, wakati wowote, kwa sababu yoyote" linamfanya mteja asijue amelipia nini. Na wanazuoni wa madhehebu ya Shaafi'iy wameeleza kuwa nyumba iliyokodiwa ikianguka katikati ya muda, ijaarah inavunjika kwa muda uliobaki, na mpangaji anastahiki kurudishiwa kodi ya muda huo. Kwa qiyaas hiyo, aliyelipia programu kwa mwaka mzima, ikazimwa baada ya miezi minne, ana haki ya kudai thamani ya miezi minane.

*Nne: si kila sharti linafungamana.* Imepokewa kuwa Waislamu wanabaki juu ya masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Kwa hiyo sharti la haki ulilolikubali unalazimika nalo, hata kama hulipendi. Ukikubali kuwa leseni ni ya simu moja, usiigawe kwa simu tano.

*Tano: mikataba isiyo na mjadala.* Masharti ya mtandaoni huandikwa na upande mmoja, na mwingine ana hiari ya kukubali yote au kuondoka. Wanazuoni wa zama hizi wanaiita 'uquud al-idh'aan. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliijadili katika kikao chake cha 14 kilichofanyika Doha Januari 2003. Ikiwa bei ni ya haki na masharti hayana dhulma, mkataba ni sahihi na unawafunga wote. Ikiwa una masharti ya kidhalimu yanayomdhuru aliyejisalimisha, ni wajibu wa dola kuingilia kati, kuyafuta au kuyarekebisha masharti hayo.

Hapa tuwe waadilifu. Si kila mabadiliko ni dhulma. Sasisho la kuziba mwanya wa wezi wa mtandaoni ni maslahi ya mteja. Na programu uliyopewa bure iko karibu zaidi na 'aariyah, kitu cha kuazimwa: mwenyewe akitaka kukirudisha, hukumlipa chochote cha kumdai.

Sheria za nchi zinasemaje

*Umoja wa Ulaya.* Mwaka 2012, katika kesi ya UsedSoft dhidi ya Oracle, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kuwa programu iliyopakuliwa kwa leseni isiyo na kikomo, kwa malipo ya mara moja, imeuzwa, na aliyeinunua anaweza kuiuza tena maadamu haendelei kuitumia. Mahakama iliangalia kiini cha muamala na kuacha jina. Lakini mwaka 2019 mahakama hiyo hiyo haikuupeleka uamuzi huo kwenye vitabu vya kielektroniki. Kuhusu kubadilisha masharti, Maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 2019/770, yaliyoanza kutumika Januari 2022, yanasema muuzaji akitaka kubadilisha bidhaa ya kidijitali kupita kiasi kinachohitajika kuiweka katika hali iliyoahidiwa, lazima mkataba uwe umeruhusu na kutaja sababu ya msingi, mteja asiongezewe gharama, na ajulishwe kwa lugha ya wazi. Mabadiliko yakimdhuru kwa kiasi cha kuonekana, ajulishwe mapema, na ana siku 30 za kuvunja mkataba bila malipo, isipokuwa akiachiwa aendelee na bidhaa ilivyokuwa.

*Uingereza.* Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inataka bidhaa ya kidijitali iliyolipiwa iwe na ubora wa kuridhisha, ifae kwa kazi yake na ilingane na ilivyoelezwa. Sasisho likiiharibu, muuzaji anawajibika. Sharti lisilo la haki halimfungi mlaji, na sharti la kumruhusu muuzaji kubadilisha masharti peke yake bila sababu ya msingi ni miongoni mwa yanayoweza kuhesabiwa hivyo.

*California, Marekani.* Tangu tarehe 1 Januari 2025 muuzaji haruhusiwi kutumia maneno kama "nunua" kwa bidhaa ya kidijitali inayoweza kuondolewa baadaye, mpaka amweleze mteja waziwazi kuwa anapata leseni. Sheria hiyo haiigusi bidhaa ambayo mteja anaweza kuipakua na kubaki nayo daima bila ya mtandao.

*Kwetu.* Unguja na Pemba kuna Sheria ya Ushindani Halali wa Biashara na Kumlinda Mtumiaji, Namba 5 ya 2018, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar (ZFCC). Walio Mafia na Tanzania Bara kwa jumla wako chini ya Sheria ya Ushindani Namba 8 ya 2003, inayokataza kumpotosha mlaji, na chombo chake ni Tume ya Ushindani (FCC). Walio Lamu na Mombasa wana Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inayotaja haki za walaji, pamoja na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012 yenye sehemu maalumu ya mikataba ya intaneti.

Sheria za Ulaya na Uingereza zimewekwa kwa ajili ya walaji wa huko, kwa hiyo anayenunua akiwa Unguja asizitegemee kama zake. Ila ndugu zetu wanaoishi London au kwengineko Ulaya, ambao mara nyingi ndio wanaozinunulia familia programu hizi kwa kadi zao, wanaweza kudai kwa mujibu wa sheria za wanakoishi. Na kampuni ya kigeni isiyo na ofisi kwetu ni vigumu kuifikisha kwenye tume zetu. Kwa hiyo kinga kubwa zaidi ni tahadhari kabla ya kulipa.

Kabla ya kulipa

1. Angalia kama ni malipo ya mara moja au ya kujirudia. Jaribio la bure mara nyingi hugeuka malipo ya kila mwezi lisipositishwa kwa wakati.
2. Katika masharti tafuta mambo manne: leseni ni ya muda gani, ni ya vifaa vingapi, nani anaweza kuibadilisha, na fedha hurudishwa lini.
3. Uliza kama programu inafanya kazi bila ya mtandao. Inayotegemea seva ya kampuni itazimika siku seva itakapozimwa.
4. Hifadhi risiti, picha ya skrini ya ukurasa wa bidhaa, na nakala ya masharti ya siku uliyonunua. Aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, ambayo ndiyo ndefu zaidi katika Qur-aan, imetufundisha kuandika deni na kushuhudisha biashara. Risiti na picha hizo ndizo ushahidi wako.
5. Ikiwa ipo programu huria, ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia na kuinakili bila kikomo, ipe nafasi kwanza. LibreOffice kwa kazi za ofisi na GIMP kwa picha ni mifano inayojulikana.

Masharti yakishabadilishwa

1. Usibonyeze "Nakubali" kwa haraka. Soma kilichobadilika na tarehe ya kuanza kwake.
2. Pakua kazi zako zote na kila unachoruhusiwa kuhifadhi kabla ya tarehe hiyo.
3. Mwandikie muuzaji kwa adabu na kwa ufupi: ulinunua lini, kwa bei gani, uliahidiwa nini, na unataka nini, ama uachiwe masharti ya zamani au urudishiwe fedha.
4. Angalia muda wa kudai. Google Play kwa kawaida hupokea maombi ya kurudishiwa ndani ya saa 48 za ununuzi, na baada ya hapo humwelekeza mteja kwa mtengenezaji wa programu. Steam hurudisha ndani ya siku 14 ikiwa bidhaa haijatumika zaidi ya saa mbili.
5. Ikiwa ulilipa kwa kadi, ieleze benki yako na uombe malipo yapingwe. Benki huwa na muda maalumu wa kupokea ombi hilo, kwa hiyo usichelewe.
6. Peleka malalamiko kwenye tume ya kwenu, hata kama kampuni iko mbali. Malalamiko yakikusanyika ndiyo yanayowapa wasimamizi hoja ya kuchukua hatua.

Maswali yanayoulizwa zaidi

*Muuzaji amenidhulumu. Naweza kutumia nakala iliyovunjwa kufuli?*

Haki za watunzi na wavumbuzi ni mali yenye thamani kisheria, na haijuzu kuzivamia. Hivyo ndivyo lilivyoamua Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu mjini Kuwait Disemba 1988, katika uamuzi wake namba 43. Dhulma ya mwingine haiigeuzi haramu kuwa halali. Wanazuoni wana mjadala kuhusu mtu aliyenyimwa haki yake iliyo wazi, kama anaweza kuichukua mwenyewe pale asipopata njia nyingine, na madhehebu ya Shaafi'iy yameruhusu kwa masharti. Lakini hilo linahusu haki ile ile iliyozuiwa, si zaidi yake, wala si ruhusa ya kutumia chochote cha kampuni hiyo au kuwagawia wengine. Mwenye kisa mahsusi amuulize shekhe anayemwamini, akimweleza mkataba ulivyokuwa. Tena nakala hizo mara nyingi huja na virusi vinavyoiba nywila za benki.

*Mtoto wangu amebonyeza "Nakubali". Je, mkataba umefungika?*

Katika madhehebu ya Shaafi'iy mauziano ya mtoto asiyebaleghe hayasihi. Mzazi amweleze muuzaji mara moja na adai fedha zake, na asiendelee kuitumia bidhaa huku anadai. Na aweke nywila kwenye malipo ya simu, kwani kuiacha wazi ni uzembe wake.

*Baba amefariki na akaunti yake ina vitabu na programu alizolipia. Je, ni mirathi?*

Fedha zilizobaki, madai ya kurudishiwa, na kazi alizozitunga mwenyewe ni katika tarika. Ama leseni alizopewa yeye binafsi, masharti ya maduka mengi makubwa hayaruhusu kuzihamisha. Kwa mfano, Apple inamruhusu mtu kuteua atakayefungua data zake baada ya kufa kwake, lakini vitabu na filamu alizolipia havimo katika ruhusa hiyo. Warithi wasisahau kusitisha malipo ya kila mwezi yanayoendelea kukata kadi ya marehemu, kwani yanapunguza haki ya mayatima. Ni vyema kila mtu aandike katika wasia wake akaunti alizonazo.

Hitimisho

Muislamu anapolipa anataka kujua amelipia nini. Akikuta ni ijaarah, basi iwe ya muda unaojulikana na bei inayojulikana. Akikuta ni mauziano, basi asinyang'anywe alichouziwa. Hayo ndiyo ya kudai kwa muuzaji, naye kwa upande wake atimize masharti ya haki aliyoyakubali. Na wale miongoni mwetu wanaotengeneza na kuuza programu wakumbuke onyo la mwanzo wa Suratul-Mutwaffifiyn kwa wanaotaka kutimiziwa vipimo vyao huku wakiwapunja wengine. Kupunguza alichokilipia mteja baada ya kupokea fedha zake ni katika kupunja huko.

Na Allaah Anajua zaidi.